Celica ST202 inakosa sailensi (muungurumo wa injini gari ikiwa imesimama) asubuhi, ikipata moto inatulia. Mafundi wa Tabora na Kigoma njooni

Mtoto wa Isevya

Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota Celica ST202, injini 3S-GE, gia za mkono. Niliinunua kwa jamaa wa Dar na kuileta mwenyewe kwa njia ya Manyoni na Itigi. Bodi safi, barabarani inakwenda inavyotakiwa. Shida yake ni asubuhi tu.

Hapa Tabora mwezi huu wa saba alfajiri inashuka mpaka nyuzi 15 hivi. Nikiwasha saa kumi na mbili injini inashika mara moja, halafu mizunguko inaporomoka hadi 500 kwa dakika, gari inatetemeka mpaka kwenye kioo cha ndani huoni kitu, na nisipokanyaga mafuta inazima. Nikiishikilia na mafuta kidogo kidogo, baada ya dakika kadhaa inaanza kutulia. Ikishapata moto huwezi kuamini ni gari ile ile: 800, laini, haina hata kelele. Mchana kutwa haisumbui. Kesho yake alfajiri tunaanza upya, na majirani wanaamka na mimi.

Nimeshabadilisha plagi na filta ya mafuta, throto (mlango wa hewa ya injini) imesafishwa. Taa ya injini haiwaki kabisa. Fundi mmoja anataka niagize kompyuta ya injini ya mtumba kutoka Kariakoo, mwingine anasema silinda hedi (kichwa cha injini) ifunguliwe. Kabla sijatoa hela naomba mawazo.

Halafu kuna hili, sijui kama lina maana: mshale wa joto haufiki katikati. Nikienda Urambo unalala chini kabisa, mjini unapanda kidogo. Mimi naona ni heri, gari haichemki.

Nyuki Dume

Uza, nunua Toyota IST. Asali ya Sikonge inabebwa na IST, haijawahi kubebwa na Celica.

Mkata Tiketi

Mkuu hiyo ni mwinuko. Tabora tuko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, gari yako ilizoea hewa nzito ya pwani. Itafutie fundi airekebishe kwa hewa ya huku.

Bwana Foleni

Hapo kuna hewa inapenya. Gasketi ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) ikiwa ya baridi inasinyaa na hewa inaingia, ikipata moto inatanuka na kuziba. Chukua dawa ya kusafishia kabureta, puliza taratibu kwenye maungio ya manifoldi na mipira ya vakyumu injini ikiwa inaunguruma. Ukiona mizunguko inabadilika ghafla, umeshapata. Angalia tu usipulize karibu na ekzosi ya moto wala waya za plagi, moto hauna urafiki.

Mtoto wa Isevya

Asante Bwana Foleni. Nimepuliza kila mahali leo jioni, hakuna kilichobadilika. Lakini injini ilikuwa tayari ya moto, sijui kama inahesabika.

Mzee Spana

Haihesabiki, mwanangu. Niko Ujiji, nimeshika spana tangu gari za kabureta, na kitu kinachonichosha kwenye matatizo ya namna hii ni kwamba mteja analeta gari saa nne. Ameiwasha nyumbani, ameendesha mpaka gereji, amesubiri zamu yake. Fundi anafungua boneti anakuta injini inaimba. Sasa atatibu nini? Ndiyo maana unatajiwa kompyuta na silinda hedi: ni watu wanaobahatisha, kwa sababu ugonjwa wenyewe hawajauona. Gari yako ipimwe ikiwa imelala usiku mzima, kabla ufunguo haujazungushwa.

Hilo la mwinuko tuliache. Ni kweli presha ya hewa hapo Tabora ni kama kPa 88 wakati pwani ni 101, lakini injini hii ina sensa ya MAP inayosoma presha na kompyuta inajipanga yenyewe. Na mwinuko wa Tabora wa saa kumi na mbili ndio wa saa sita mchana. Kama ungekuwa ndio sababu, gari ingekusumbua kutwa.

Bwana Foleni amesema jambo la maana, ila linafaa zaidi kwa gari za aina nyingine. Gari zenye mita inayopima hewa inayopita, mfano Eunos Roadster za mwanzo au Fairlady Z ya miaka ya tisini, hewa ikipenya baada ya mita kompyuta haiihesabu. Petroli inakuwa chache kuliko hewa, injini inatetemeka. Celica yako haina mita hiyo, inapima presha ndani ya manifoldi. Hewa ikipenya, presha ya ndani inapanda, kompyuta inaongeza petroli, na wewe utakachoona ni mizunguko kupanda. Yako inashuka. Labda pawe na mpasuko karibu na silinda moja, hapo silinda hiyo itamisi (haitawaka sawasawa) peke yake. Kwa hiyo rudia kupuliza alfajiri, lakini sitegemei upate kitu.

Jiulize ni nini kinabadilika kati ya alfajiri na saa nne. Injini ikiwa ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inanata kwenye kuta za njia ya kuingilia badala ya kwenda kuwaka. Kwa hiyo kompyuta inatakiwa imimine zaidi, na pia ifungue njia ya hewa ya pembeni chini ya throto ili mizunguko ipande mpaka 1,300 au 1,500 hivi. Ili ifanye hayo lazima ijue kwamba injini ni ya baridi. Inajuaje? Kwa sensa ya joto la maji. Basi nina washukiwa wawili tu: sensa hiyo na njia yake ya waya, au ile valvu ya hewa ya sailensi, inayofungua njia hiyo ya pembeni.

Na hilo ulilolitaja mwisho kana kwamba halina maana ndilo limenivutia kuliko yote. Mshale kulala chini ukiwa njia ya Urambo maana yake themostati (valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto) haipo, au imekwama wazi. Nani aliitoa?

Mkata Tiketi

Mzee umenipiga KO ya kwanza, nimekubali. Ila mafuta ya kuchakachua je? Yakichanganywa mafuta ya taa asubuhi gari haishiki.

Mzee Spana

Hoja nzuri hiyo. Mafuta ya taa yanachelewa kugeuka mvuke, kwa hiyo baridi ndiyo inayoyaumbua kwanza. Tangu EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010 mchezo huo umepungua vituoni, ila ukinunua ya kwenye chupa njiani, hakuna ajuaye. Lakini petroli mbaya ingegonga pia ukipandisha mlima na gia kubwa, na tatizo lingeondoka ukibadilisha kituo. Mtoto wa Isevya, unajaza wapi?

Mtoto wa Isevya

Shikamoo mzee. Najaza vituo tofauti, mjini na Nzega, tatizo ni lile lile. Themostati sijui nani katoa, niliikuta gari hivyo. Fundi mmoja aliniambia huku ni nchi ya joto, haihitajiki.

Spea Poa

Na ni kweli haihitajiki. Mimi nafunga injini hapa Tabora, kila gari inayochemka natoa themostati, na mteja harudi.

Mzee Spana

Marahaba mwanangu. Spea Poa, mteja harudi kwako kwa sababu anakwenda kwa muuza oili. Nitarudi kwenye hilo. Kwanza tupate namba.

Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Fungua, ndani ya mfuniko utaona majina ya matundu. Tafuta TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa sawasawa bila kupumzika, kompyuta haina lawama iliyohifadhi. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni MAP, 41 ni sensa ya throto. Huhitaji mashine ya mtu.

Mtoto wa Isevya

Nimefanya. Inapepesa sawasawa tu, hakuna namba. Inamaanisha sensa ni nzima?

Dada Waya

Habari za humu. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Cheyo hapa hapa Tabora.

Hapana kaka, haimaanishi hivyo. Namba 22 inatoka pale tu waya ukikatika au ukigusana kabisa. Na ikitokea hivyo kompyuta inajichukulia kuwa maji yana nyuzi 80 ili gari iweze kutembea. Lakini sensa ikidanganya ndani ya kiwango kinachowezekana, kompyuta inaamini na hailalamiki. Sensa ikisema nyuzi 75 alfajiri ya saa kumi na mbili, kompyuta haina jirani wa kumuuliza.

Tafuta multimita (kipimo cha umeme). Alfajiri kabla ya kuwasha, chomoa plagi ya sensa ya maji ya kompyuta. Iko kwenye toleo la maji mwisho wa silinda hedi, upande wa distributa (kigawa moto wa plagi), ina waya mbili, na plagi yake mara nyingi ni ya kijani. Usiichanganye na ile ya waya mmoja, hiyo ni ya mshale wa dashibodi na haina habari na kompyuta. Pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya pini mbili za sensa. Kwenye nyuzi 20 unatakiwa upate kati ya 2,000 na 3,000, na baridi ikizidi namba inapanda. Kwenye nyuzi 80 ni 200 hadi 400. Pima baridi, pima moto, lete hapa.

Nyuki Dume

Alfajiri ya Tabora na multimita mkononi. Hii gari ni mke wa pili.

Mtoto wa Isevya

Dada, nimepima leo kabla ya adhana ya alfajiri kuisha. Baridi: 2,650. Baada ya kuendesha: 520. Sensa nzima, au nimeelewa vibaya? Na dawa ya kabureta nimerudia ikiwa ya baridi, hakuna kitu.

Spea Poa

Si nilisema. Sensa nzima, themostati haihusiki. Fungueni distributa. Waya za plagi za zamani zikipata umande zinavujisha moto.

Mzee Spana

Umande wa wapi mwezi wa saba, ndugu yangu? Mvua ya mwisho huko ilikuwa lini? Hoja yako ningeipokea mwezi wa kumi na mbili. Hata hivyo kupima ni bure: kila waya usizidi omu 25,000, na usiku wa giza ukipuliza maji kwa mvuke mwembamba juu ya waya utaona cheche zinazoruka kama zipo.

Mwanangu, namba ya moto uliyoipata, 520, ni ya maji ya nyuzi 60 na kitu tu. Gari imetoka kuendeshwa! Hiyo nayo inasema themostati haipo. Sasa nina swali ambalo litaonekana halihusiani: gari inakula mafuta sana? Moshi mweusi?

Mtoto wa Isevya

Hapana mzee. Ulaji wa kawaida, bomba la ekzosi safi.

Mzee Spana

Basi hapo pana kitu hakikai sawa. Gari isiyo na themostati, maji nyuzi 60 safari nzima, kompyuta ingetakiwa ione injini bado haijapata moto na iendelee kumimina petroli ya ziada. Ungekuwa unalia na bei ya mafuta. Wewe hulii. Kwa hiyo kompyuta haioni kile ambacho sensa inasema. Dada Waya, nakuachia, hapa ni kwenye waya.

Dada Waya

Mzee umenitangulia, nilikuwa naandika hicho hicho. Sensa nzima kwenye pini zake ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kile kinachofika kwenye kompyuta.

Kaka, toa waya wa hasi wa betri kwanza. Kisha rudisha plagi ya sensa mahali pake, shuka chini ya dashibodi, chomoa plagi ya kompyuta, na upime omu upande wa waya, kati ya THW na E2, pini mbili za waya za sensa hiyo. Usichokonoe upande wa kompyuta yenyewe. Unatakiwa upate namba ile ile uliyoipata kwenye sensa, tofauti iwe ndogo sana. Kama huna ramani ya pini, usibahatishe, nitafute inboksi, Isevya si mbali.

Mtoto wa Isevya

Wakuu nimerudi. Dada Waya alikuja mwenyewe alfajiri na tochi yake ya kichwani, Mungu ambariki.

Kwenye sensa: 2,600 na kitu. Kwenye plagi ya kompyuta: 330. Tukawasha, tukazunguka mpaka Kwihara na kurudi, tukapima tena kwenye kompyuta: 330. Haikusogea hata kidogo.

Akafuata waya kwa mkono kutoka sensa, akafika mahali pamezungushiwa tepu nyeusi nyingi kuliko penginepo. Kufungua: waya za sensa zimekatwa, na upande unaokwenda kompyuta wamechomelea rizista ndogo, kidude chenye omu zisizobadilika. Sensa imebaki imechomekwa kama pambo.

Bwana Foleni

Haa! Kwa hiyo gari miaka yote inaambiwa maji yana nyuzi themanini, iwe inatoka kulala au inapanda Sekenke.

Mkata Tiketi

Sasa mtu anafanya hivyo kwa faida gani?

Mzee Spana

Sasa ndiyo narudi kwa Spea Poa.

Sikuwepo, lakini mfuatano naujua kwa sababu nimeukuta kwenye magari mengine. Siku moja gari ilichemka. Pengine rejeta ilikuwa imeziba, au feni haizunguki, au mfuniko wa rejeta umechoka. Fundi hakutafuta, alitoa themostati. Kuchemka kukapungua mjini. Lakini sasa injini haifikii joto lake, sensa inasema ukweli, kompyuta inamimina. Mwenye gari anarudi: fundi, inakula mafuta, plagi zina masizi. Fundi wa pili, anayejua umeme kidogo, hakuuliza kwa nini injini ni ya baridi. Akaona dawa ni kuinyamazisha sensa: rizista ya omu 330, kompyuta iamini injini ni ya moto muda wote. Dar es Salaam dawa hiyo inapita, kwa sababu alfajiri ya Dar haina baridi ya kuifichua. Ukaileta Tabora mwezi wa saba, ikafichuka.

Sasa hii ya "nchi ya joto". Themostati haiangalii joto la nchi, inaangalia joto la maji ndani ya injini. Ya 3S inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Japani, Kigoma, jangwani, injini ilitengenezwa ifanye kazi hapo. Chini ya hapo petroli isiyowaka inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inaingia kwenye sampu (bakuli la oili). Nusa kijiti cha oili cha gari lisilo na themostati, utanusa kituo cha mafuta. Ringi za pistoni zinakwisha mapema, na wewe Spea Poa unafunga injini nyingine.

Tena injini hizi themostati yake ina kazi mbili. Ikifunguka kuelekea rejeta, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji haipozwi. Ndiyo maana gari lililotolewa themostati linaweza kuwa baridi njia ya Urambo na bado likachemka likibebeshwa mzigo mlimani. Hapo mtu anasema "injini imechoka".

Spea Poa

Mzee, kwenye njia ya mkato nitaenda kuangalia mwenyewe, sijawahi kuifuatilia. Lakini mteja aliyekwama Tura gari inatoa mvuke, themostati ikiwa imekwama imefungwa, mpya inatoka Dar kwa basi, nifanyeje? Nimwambie alale porini?

Mzee Spana

Itoe afike nyumbani. Kisha ifungwe nyingine. Hapo hatugombani.

Dada Waya

Kaka wa Isevya, rizista nimeitoa na waya nimeunga kwa kuchomelea, lakini kama tulivyoongea, usiridhike. Sasa kompyuta inaona ukweli na ukweli ni kwamba injini yako ni ya baridi safari nzima. Bila themostati utaanza kuona ulaji na masizi yale yale yaliyosababisha haya yote. Agiza themostati ya nyuzi 82 na gasketi yake, na rejeta ipimwe kabla, ili tujue kilichochemsha gari zamani kama bado kipo.

Mtoto wa Isevya

Mrejesho. Themostati imekuja na basi, imefungwa, kulanti mpya badala ya maji ya bomba yaliyokuwamo (yalikuwa na rangi ya chai). Rejeta ilikuwa imeziba sehemu ya chini, imefunguliwa na kusafishwa. Feni inazunguka.

Leo alfajiri: nimewasha bila kugusa mafuta, imepanda 1,400, ikakaa hapo, ikateremka polepole mshale ulivyokuwa unapanda, mpaka 800. Mshale sasa unakaa katikati hata nikiwa mwendo kasi. Kilichobaki ni kidogo: ikifika 800 inapanda na kushuka kidogo kama inahema, halafu inatulia.

Mzee Spana

Hiyo sasa ni valvu ya hewa ya sailensi. Imekaa siku nyingi bila kutumika ipasavyo, ina utando. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, unganisha tena TE1 na E1: mizunguko inatakiwa ipande kama 1,000 na kitu kwa sekunde tano hivi, kisha irudi. Isipofanya hivyo, ifungue chini ya throto, uioshe kwa dawa ya kabureta mpaka kipande cha ndani kizunguke laini, na ununue gasketi mpya kabla hujaifungua. Ina mipira miwili ya kulanti inayoipasha joto. Irudishe yote miwili. Kuna watu wanaiunganisha pembeni, kulanti isipite kwenye valvu.

Halafu mtani wangu wa Tabora, gharama ya ushauri ni asali, debe moja, nitakutumia mawese.

Mtoto wa Isevya

Asali inakuja na treni mzee, samaki wa migebuka warudi na treni hiyo hiyo. Mawese bakini nayo.

Nyuki Dume

Mimi nina Altezza, asubuhi inapanda 2,000 haishuki mpaka nifike kazini. Nifungue uzi wangu?

Dada Waya

Fungua. Na kabla hujaandika, asubuhi injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta uangalie kama kulanti imejaa mpaka juu. Kulanti ikipungua au hewa ikinasa ndani, joto halifiki inakotakiwa na mizunguko haishuki. Na utuambie themostati ipo au haipo.